Kikojozi Si Jina la Mtoto

Katika nyimbo za watoto tulizorithi hapa Pwani, zipo nyingi ambazo ningependa zihifadhiwe zisipotee. Zipo za kubembelezea, zipo za kuchezea mbalamwezini, na zipo zilizotufundisha kuhesabu kabla hatujaijua kalamu. Lakini upo mmoja ambao mimi, niliyeishi kwa kutunga na kuandika, naomba uachwe ufe. Ni ule wimbo wa kumcheka mtoto aliyekojoa kitandani. Sitauandika hapa. Kila aliyekulia katika mitaa yetu aujua, na huenda wapo wasomaji wangu walioimbiwa, ambao hata leo wakiukumbuka huinamisha uso.

Jambo hili la mtoto kukojoa usiku halizungumzwi hadharani. Hunong'onwa uani baina ya mama na shangazi, au hupigiwa kelele alfajiri mtaa mzima ukasikia. Katikati ya mnong'ono na kelele, maarifa yamekosa mahali pa kukaa. Ndiyo maana leo nataka tulizungumze waziwazi, kwa adabu, kwa kuwa wanaoumia ni watoto wetu, na wanaoumia bila ya kosa.

Nilipokuwa nikisoma chuoni, alikuwapo mwenzetu mmoja ambaye asubuhi nyingine alikuja amebebeshwa mkeka wake kichwani, ungali maji, nasi tukamfuata nyuma tukiimba. Ilidhaniwa kwamba haya ingemponya. Haikumponya. Ilichomfanya ni kuacha kuja chuoni. Juzuu yake aliiachia njiani, na mpaka leo sijui kama aliimaliza.

Siku hizi mikeka haitembezwi sana, lakini aibu haijaisha, imebadilisha kanzu tu. Yupo mtoto anayelazwa peke yake juu ya gunia huku nduguze wakilala godoroni. Yupo anayenyimwa chakula cha usiku. Yupo anayechapwa kila kunapokucha. Tena siku hizi simu iko mkononi, na siri ya mtoto yaweza kutoka Lamu ikafika Vanga kabla shuka halijakauka.

Hebu basi tuangalie kwanza jambo lenyewe ni nini.

Mtu mzima alalapo, mambo matatu humlinda. La kwanza, ubongo hutoa homoni inayoziambia figo zipunguze kutengeneza mkojo mpaka asubuhi. La pili, kibofu chake hutulia na kuupokea mkojo uliopo. La tatu, kibofu kikijaa kupita kiasi, hupeleka habari ubongoni, naye akaamka akaenda msalani. Mtoto hazaliwi na mambo haya yakiwa yamekamilika. Hukua nayo, kama akuavyo na meno. Yupo aotaye meno mapema na yupo achelewaye, na hatujasikia mtoto akipigwa kwa kuchelewa kuota meno.

Kwa mtoto anayekojoa usiku, moja au zaidi katika hayo matatu bado halijakomaa. Huenda figo zake zatengeneza mkojo mwingi usiku kama mchana. Huenda kibofu chake ni kidogo au hakitulii. Na mara nyingi hali ni kwamba usingizi wake ni mzito, kibofu chaita na ubongo hausikii. Mama atasema, "Huyu hata ngoma ipigwe haamki." Amesema kweli, na katika maneno hayo hayo ameshamtetea mwanawe, kwani asiyesikia ngoma atasikiaje kibofu?

Madaktari waliochunguza jambo hili katika nchi nyingi wamekuta hesabu zinazokaribiana. Katika watoto 100 wa miaka 5, kiasi cha 15 bado hulowesha kitanda. Wafikapo miaka 7, hubaki baina ya 5 na 10. Wakiwa vijana wa miaka 15, hubaki mmoja au wawili. Na kila mwaka upitao, katika watoto 100 wenye hali hii, kiasi cha 15 huacha wenyewe bila ya dawa yoyote. Wavulana ni wengi kuliko wasichana. Kwa hesabu hiyo, darasani penye watoto 40 wa miaka 7, hapakosi wawili au watatu, na kila mmoja wao adhani kwamba ni yeye peke yake duniani.

Tena hali hii yarithiwa. Mzazi mmoja akiwa alikojoa kitandani utotoni mwake, karibu watoto 4 kati ya 10 wake huwa hivyo hivyo. Wazazi wote wawili wakiwa walikuwa hivyo, hupita 7 kati ya 10. Basi baba aliyeshika fimbo asubuhi, na amuulize mamake kwanza yeye mwenyewe alikuwaje. Huenda akaiweka ile fimbo chini kimya kimya.

Najua wako watakaonijibu kwa methali, kwamba samaki mkunje angali mbichi. Methali ni kweli, lakini kila methali ina mahali pake. Mtoto hukunjwa katika yale ayafanyayo akiwa macho, kama vile uongo, wizi, utoro na kuwavunjia wakubwa heshima. Alilolifanya akiwa amelala hakulifanya yeye. Hilo si langu mimi. Sisi sote tuliosoma twajua mafundisho ya dini yetu, kwamba kalamu ya kuandika madhambi imeinuliwa kwa aliyelala mpaka aamke, na kwa mtoto mpaka abaleghe. Mtoto anayekojoa usingizini ana udhuru mara mbili, wa usingizi na wa utoto. Iwapo Mola wake hamwandikii, sisi twamwandikia kwa kalamu gani?

Wako pia wanaosema kwamba mtoto huyu "ananajisi nyumba". Mkojo ni najisi, hilo halina ubishi, na dawa ya najisi ni maji. Najisi iko katika shuka, haimo katika mtoto. Imepokewa katika hadithi sahihi kwamba Ummu Qays binti Mihsan alimpeleka mwanawe mchanga kwa Mtume, rehema na amani zimshukie, naye akampakata. Yule mtoto akamkojolea nguoni. Mtume akaagiza maji akanyunyizia pale, na jambo likaisha hapo. Hapakuwa na ukali wala kelele. Mtoto mkubwa hukumu ya kuosha mkojo wake ni nyingine, lakini upole ni ule ule.

Sasa tuje kwenye la kufanya, maana kukataza bila kuonyesha njia hakumsaidii mama anayefua mashuka kila siku.

Kwanza, umri. Mtoto chini ya miaka 5 anayelowesha usiku hana ugonjwa. Mwacheni akue. Akipita miaka 5 na jambo likawa linamhuzunisha, au akafika miaka 7 na angali vile vile, ndipo wakati wa kutafuta msaada.

Pili, maji. Wengi hudhani dawa ni kumnyima mtoto maji kutwa. Hilo ni kosa, kwa sababu kibofu kisichojazwa mchana hakijifunzi kupokea. Mpe maji ya kutosha asubuhi na mchana, hasa kwa joto letu hili, kisha umpunguzie jioni, kuanzia saa moja au mbili kabla ya kulala. Chai na soda nyeusi zisikaribie usiku, kwa kuwa zina kafeini inayoongeza mkojo. Nasi twajijua, chai ya maziwa pamoja na mahamri ni sehemu ya usiku wetu. Mpeni mtoto hamri, chai ingoje asubuhi.

Mwezi wa Ramadhani ndio wenye mtihani zaidi. Tangu magharibi mpaka baada ya tarawehe, mtoto hunywa uji, maji ya matunda na chai, kisha akaanguka usingizini kabla hajakwenda msalani. Aliyefunga asinyimwe maji, kwani mwili wayataka. Anyweshwe mapema wakati wa kufuturu, aende haja ndogo kabla ya kulala, na akiamshwa kwa daku aende tena.

Tatu, choo. Mtoto akojoe mara ya mwisho akiwa tayari kupanda kitandani, si saa nzima kabla. Tena tujiulize, hicho choo kiko wapi? Katika nyumba nyingi za mitaani kiko uani, kiza kimetanda, na mtoto ametoka kuhadithiwa habari za majini na mazimwi. Mtoto wa namna hiyo huenda ameamka kweli, akahisi haja, akaogopa, akajikunja mpaka usingizi ukamchukua tena. Yakatokea yaliyotokea. Dawa yake ni taa ndogo inayowaka njiani, au kopo lenye mfuniko pembeni mwa chumba. Na hadithi za majini zisimuliwe mchana.

Nne, tumbo. Mtoto asiyepata choo kikubwa vizuri, ambaye choo chake ni kigumu na huchukua siku mbili tatu, tumbo lake lililojaa hukibana kibofu. Watoto wengi huacha kukojoa usiku mara tu choo chao kikilainishwa. Papai, embe, mboga za majani na maji ya mchana ni dawa iliyo mlangoni petu.

Tano, kitanda. Tandika karatasi ya nailoni juu ya godoro, kisha shuka, na juu ya shuka kanga kuukuu iliyokunjwa. Usiku ukiingia maji, utaondoa kanga tu na nyumba itaendelea kulala. Asubuhi mtoto asaidie kupeleka nguo kwenye beseni, si kwa adhabu bali kama anavyosaidia kuondoa vyombo. Na aoshwe mwili kwa maji na sabuni kabla ya kwenda shule au madrasa. Mtoto akinuka, wenziwe watalijua lake, na hapo ndipo ule wimbo unapopata mdomo wa kuimba.

Sita, sifa. Usimwahidi zawadi akiamka mkavu, kwa kuwa hilo haliko mikononi mwake, na akishindwa atahuzunika mara mbili. Msifu kwa yale anayoyaweza, kwamba amekwenda msalani kabla ya kulala, kwamba hakunywa chai, kwamba amekwambia ukweli asubuhi badala ya kuficha shuka uvunguni.

Na kule kumwamsha usiku wa manane? Hakudhuru, na huokoa shuka la usiku huo, lakini peke yake hakumfundishi mtoto kitu. Ukimwamsha, muamshe kweli, atembee kwa miguu yake na ajue aliko. Ukimbeba amelala ukamkojolesha mikononi mwako, umekifundisha kibofu kukojoa usingizini, jambo lile lile unalolikimbia.

Kwa mtoto aliyepita miaka 6 au 7, ipo pia kengele. Ni chombo kidogo kinacholia mara tu tone la kwanza linapogusa nguo, mtoto akaamka au akaamshwa. Mwanzo wake una hadithi nzuri. Mwaka 1904 daktari wa Austria, Meinhard von Pfaundler, alitega kengele katika vitanda vya watoto hospitalini ili wauguzi wajue nani abadilishwe. Baada ya muda wakaona watoto wenyewe wameanza kuacha kukojoa. Mwaka 1938, huko Marekani, Orval Hobart Mowrer na mkewe Willie Mae Mowrer wakaifanya kuwa tiba kamili. Mpaka leo, kiasi cha watoto wawili katika kila watatu wanaoitumia ipasavyo hukauka. Lakini yataka miezi miwili, mitatu, na yataka mzazi aliye tayari kuamka pamoja na mtoto kila usiku. Haraka hapa haina baraka.

Dawa za hospitali zipo vilevile. Inayojulikana zaidi ni desmopresini, inayofanya kazi ya ile homoni ya usiku. Hiyo hutolewa na daktari peke yake, tena mtoto aliyeitumia hatakiwi kunywa maji mengi usiku huo, kwani yaweza kumdhuru vibaya. Msinunue dawa yoyote dukani kwa kuambiwa na jirani. Na kwa wanaotumia kombe na dua, sina neno nao. Dua ni silaha ya muumini. Ila wasimpe mtoto bakuli zima wakati wa kulala, wakaja kushangaa asubuhi.

Yapo mambo ambayo mzazi akiyaona asingoje hata siku moja. Mtoto aliyekuwa mkavu miezi sita au zaidi, kisha ghafla akaanza kulowesha, ana sababu, nayo yapasa itafutwe. Akiwa pia anywa maji mno, akonda na anachoka, huenda ni ugonjwa wa sukari. Watoto wadogo pia huupata, na kuchelewa kwaweza kuua. Mtoto akilia wakati wa kukojoa, au akiwa na homa, huenda njia ya mkojo ina maradhi. Mkojo ukiwa na damu, hasa kwa watoto wanaooga katika mito na mabwawa ya Kwale na Tana River, fikirieni kichocho, ambacho kina dawa yake. Mtoto mwenye selimundu, maradhi yaliyo mengi kwetu Pwani, hukojoa usiku zaidi ya wenziwe kwa sababu figo zake hazikazi mkojo vizuri. Na mtoto anayekoroma kwa nguvu na kukatika pumzi usingizini naye apelekwe akatazamwe koo.

Tena upo ugonjwa usioonekana kwa mashine. Mtoto aliyeondokewa na mamake, aliyeona talaka nyumbani, aliyepelekwa kwa jamaa asiowazoea, au, Mungu atuepushe, aliyeguswa na mtu mzima kwa ubaya, huenda hana ulimi wa kusema. Mwili wake husema kwa niaba yake usiku. Tukimchapa, tunamnyamazisha shahidi pekee. Mtoto huyu akae na mtu anayempenda, aulizwe taratibu, asikilizwe.

Neno moja kwa walimu, wa shule na wa madrasa, hasa wale wenye mabweni. Mtoto aliyeletwa bwenini na tatizo hili amekuja na hofu kubwa kuliko hofu ya mtihani. Mpangieni kitanda cha chini, karibu na mlango. Mpeni nafasi ya kufua mapema, kabla wenziwe hawajaamka, na wimbo wa kumcheka upigwe marufuku kama vile matusi. Katiba yetu ya mwaka 2010 imekataza adhabu ya viboko, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 imekataza kumdhalilisha mwanafunzi, mwili wake au nafsi yake. Lakini mtu mwenye imani hangojei sheria ya serikali imfundishe huruma.

Najua utamaduni haufutwi kwa kusema tu, na mahali pa wimbo hapakai patupu. Basi mimi natoa ubeti huu, nao ni wa wazazi, si wa watoto:

Mtoto akilowesha, simwitie majirani,
Asubuhi mkiosha, iwe siri ya nyumbani,
Fimbo haitakausha, godoro la kitandani,
Mvumilie kwa huba, siku yake itafika.

Siri ya mtungi aijuaye ni kata. Aliyoyafanya mtoto usingizini yajuliwe na mamake, babake na daktari wake, basi. Asubuhi atoke mlangoni ameoga, ana juzuu yake kwapani, aitwe kwa jina alilopewa siku ya akika. Hilo ndilo jina lake. Lile lingine si jina la mtu.